Bomba la Kufurikia: Mahali pa Kutoa Hela na Mahali pa Kubana

Mwambie mtu yeyote wa Ifakara kwamba unataka kuweka tanki la samaki uani, atakupa ushauri papo hapo kuhusu tanki: lita ngapi, rangi gani, duka gani lina bei nafuu. Ni wachache watakaokuuliza maji yakizidi yatatokea wapi. Na hela inapotelea hapo hapo. Tanki halina maajabu, ni chombo cha kuwekea maji. Kinacholowesha ukuta wa nyumba, kinachomwaga samaki usiku na kukulazimisha umwite fundi mara ya pili ni tundu moja na bomba linalotoka kwenye tundu hilo. Mafundi wanaliita ovaflo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukaishia njiani bila jibu: kama mfuko haujai, punguza ukubwa wa tanki, usipunguze unene wa ovaflo. Tanki la lita 1,000 lenye bomba zuri la inchi mbili litakulisha. Tanki la lita 3,000 lenye bomba la inchi moja litakusumbua kila masika.

Hesabu yenyewe ni hii. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Chukua paa la bati la mita za mraba 60, ambalo wengi wameshalitegea mfereji uingize maji tankini ili kupunguza bili. Mvua ikishusha milimita 50 ndani ya saa moja, paa hilo linaleta lita 3,000, yaani lita 50 kila dakika. Bomba la inchi moja lililosimama ndani ya tanki, hata maji yakilizidi kimo kwa sentimita tano, linatoa kama lita 20 tu kwa dakika. Zinazobaki zinapanda hadi ukingoni, na samaki wanatoka nazo.

Bomba la inchi mbili mdomo wake ni mara nne ya ule wa inchi moja, si mara mbili. Bei yake haifiki mara nne. Hapo ndipo kila shilingi unayoongeza inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye tanki lako. Anayekushauri uanze na inchi moja "kwa sasa" anakuuzia kazi ya kutoboa mara mbili.

Kwa mfumo mzima wa inchi mbili kwenye tanki la plastiki, yaani konekta (kiungo cha kupitishia bomba kwenye ukuta wa tanki), bomba, elbo mbili, tii, kifuniko, koki, gundi na tepu, ulizia bei dukani kabla ya kutenga hela, na ya ufundi iweke kando. Ukitajiwa jumla inayokushtua, usibishane na jumla. Omba orodha ya kimoja kimoja, halafu peleka orodha hiyo hiyo duka la pili na la tatu. Maduka ya vifaa vya ujenzi hayashushi bei ya vitu vyote kwa pamoja: huyu atakuwa nafuu kwenye bomba na ghali kwenye koki, yule kinyume chake.

Sasa tanki.

Tanki la plastiki la kuhifadhia maji ndilo rahisi kupatikana, na kwa mtu anayetaka kuanza mwezi huu ndilo ningelichukua. Chukua jeusi. Lile linalopitisha mwanga linaota ukijani upesi, na ukijani ukikolea unaishia kuziba chujio la ovaflo. Wengine hulikata juu ili liwe na mdomo mpana. Sawa, ila acha ukingo wa juu na mbavu zake, maana ndizo zinazolizuia lisitanuke maji yakijaa. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Weka msingi wa tofali na zege jembamba, au angalau mchanga ulioshindiliwa na kusawazishwa. Tanki likilala upande mmoja, konekta inavutwa na wosha inaanza kuvujisha.

Kuna yale matanki meupe ya mraba ya lita 1,000 yaliyomo ndani ya kizimba cha chuma, ambayo viwanda huletewa kemikali na mafuta. Yakishatumika huuzwa kwa bei ya kuvutia huko Dar es Salaam, na mara nyingine Morogoro. Uzuri wake ni kwamba tayari yana koki kubwa chini, kwa hiyo hutoboi kitu. Ubaya wake uko kwenye historia yake. Muulize muuzaji lilibeba nini, na utafute kibandiko cha kiwandani. Akikujibu "sabuni tu, bosi" huku kibandiko kimebanduliwa, liache. Hakuna kuosha kutakakokuhakikishia kwamba samaki utakaowala hawakuishi ndani ya dawa ya wadudu. Halafu kuna usafiri: tanki tupu linachukua nafasi ya mizigo mingi kwenye lori, na utatozwa kwa nafasi, si kwa uzito. Nafuu uliyoipata Dar inaweza kuishia kwenye nauli ya kulifikisha Ifakara. Kama humjui dereva anayerudi na gari tupu, achana nalo.

Jaba la lita 200 ni la majaribio tu. Samaki wachache, na maji yanachafuka haraka. Usilitobolee mfumo wa bei kubwa.

Turudi kwenye tundu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaibiwa bila mwizi. Fundi anafika na jiko la mkaa, anachoma kipande cha bomba la chuma mpaka kinakuwa chekundu, anakibandika ubavuni mwa tanki. Moshi mzito, harufu kali, dakika mbili kazi imekwisha. "Mama, tumemaliza, niletee konekta." Ukilichungulia tundu hilo kwa karibu utaona mdomo wa plastiki iliyoyeyuka umesimama pande zote, upande mmoja mnene, mwingine umekwanguka. Wosha ya mpira inataka uso tambarare. Juu ya mdomo huo itakaa kwa kuinama, na siku ya tatu utaona ukanda wa unyevu unashuka polepole kuelekea chini.

Fundi atakuambia atapaka silikoni. Mwambie ahsante, hapana. Matanki haya yametengenezwa kwa polithini, na polithini haishikani na silikoni wala na gundi ya PVC. Itaonekana imeshika wiki ya kwanza, kisha itabanduka yote kama utando. Kinachozuia maji kwenye tanki la plastiki ni mpira uliobanwa vizuri juu ya uso laini, basi. Kwa hiyo lipia tundu safi: drili yenye biti ya duara, ile ya meno kama kikombe. Zungusha taratibu, usikandamize. Kisha pitisha kisu na msasa kuondoa nyuzi za plastiki pembeni mwa tundu, ndani na nje. Kama tayari umeshachomewa, tundu lako linaweza kuokolewa kwa kisu na msasa huo huo, ilimradi halijawa pana kuliko wosha.

Angalia na mahali tundu linapokaa. Ubavu wa tanki una mawimbi na mbavu. Tafuta sehemu bapa. Tundu kwenye mkunjo haliponi kwa wosha yoyote.

Na hapa kuna gharama isiyoandikwa popote: biti. Fundi bomba wa kawaida hana biti ya ukubwa unaotakiwa, kwa hiyo atakuambia uinunue, na akimaliza ataondoka nayo. Ukiinunua, ni yako. Afadhali zaidi, tafuta fundi seremala au fundi umeme aliye na seti nzima, mlipe kwa tundu moja, kisha fundi bomba aendelee. Na usinunue biti kabla ya konekta. Konekta ya inchi mbili haiingii kwenye tundu la inchi mbili, kwa sababu inchi mbili ni za ndani na uzi wa nje ni mpana zaidi. Nunua konekta, ipime kwa nje, kisha ndipo utafute biti.

Usumbufu wa vipimo hauishii hapo. Mabomba ya PVC ya maji yanauzwa kwa milimita na watu wanataja inchi. La inchi mbili ni milimita 63. Lile la maji machafu la milimita 50 si lenyewe, japo kwa macho yanakaribiana na muuza duka anaweza kukufungia elbo ya 63 na bomba la 50 kwenye mfuko mmoja bila nia mbaya. Unganisha vipande vyote kwa mkono pale pale kaunta kabla ya kulipa. Nauli ya bodaboda ya kurudi kubadilisha elbo moja inaweza kukaribia bei ya elbo yenyewe.

Konekta zipo za plastiki, za shaba na za kuungaunga kutokana na vipande vya bomba la chuma. Ya plastiki ni nafuu kabisa na kwa samaki ndiyo bora, jambo ambalo halitokei mara nyingi: cha bei ndogo kukishinda cha bei kubwa. Shaba ni sumu kwa viumbe wa majini hata ikiwa kidogo, na bomba la chuma lililopakwa zinki linatoa zinki. Kiasi kinachotoka kwenye konekta moja ni kidogo, lakini mbona ulipe zaidi ili upate kitu usichokihitaji? Hakikisha tu konekta ya plastiki ina wosha ya mpira laini, si plastiki ngumu, na mpira ukae upande wa ndani wenye maji. Tepu inawekwa kwenye uzi wa kuunganishia bomba, haifanyi kazi ya wosha.

Bomba lenyewe: PVC, PPR au ule mpira mweusi wa kuviringisha?

PVC. Inauzwa kwa urefu wa mita 6, nawe unahitaji labda mbili na nusu. Hiyo ni hela inayolala. Pita kwenye nyumba zinazojengwa na uulize vipande vilivyobaki, au mtafute jirani mgawane bomba zima. Bomba lenye ukuta mwembamba, hata la maji machafu, linatosha kwa ovaflo ilimradi viungo vyake vilingane nalo, kwa sababu humu hamna presha, maji yanashuka tu. Anayekushawishi ununue daraja la juu la presha kwa ajili ya ovaflo ana bomba limekaa sana dukani. Kitu kimoja tu: jua linaidhoofisha PVC iliyo nje. Ipake rangi yoyote ya mafuta iliyobaki nyumbani, au ifukie.

PPR, yale mabomba ya kuunganishwa kwa moto, ni imara sana na hayana gundi. Lakini unalipia mashine na anayeishika, na siku ukitaka kubadilisha kimo cha maji huwezi kuchomoa, unakata. Ni bomba zuri la kuingiza maji ndani ya nyumba. Kwa ovaflo ni hela iliyopotea. Mpira mweusi unauzwa kwa mita, kwa hiyo hununui usichokitumia, na jua haliusumbui. Ila viungo vyake vya inchi mbili ni ghali na si kila duka linavyo. Utumie kupeleka maji mbali, mathalani bustanini, usiutumie ndani ya tanki.

Sasa namna ya kulisimamisha bomba. Njia ya wengi ni kutoboa ubavuni, karibu na juu, na kuacha maji yamwagike yakifika pale. Ni rahisi, na kasoro yake ni kubwa: maji yanayotoka ni yale masafi ya juu, uchafu wa samaki na chakula kilichooza vinabaki chini. Ovaflo ya namna hii inakuokoa na mafuriko tu.

Kwa nyongeza ndogo unapata zaidi. Toboa chini badala ya juu, au tumia tundu la chini ambalo tanki limekuja nalo kama ni pana vya kutosha. Toa bomba nje, lipandishe wima ubavuni mwa tanki hadi kimo unachotaka maji yakae, halafu liweke tii juu na ulielekeze chini. Maji ndani ya tanki hayawezi kupita kimo cha tii hiyo. Kila yanapoingia mapya juu, yanayotoka ni ya chini kabisa, pamoja na uchafu wake. Mdomo wa juu wa tii uache wazi uvute hewa. Ukiuziba kwa kudhani unazuia takataka, bomba likijaa linaweza kuanza kunyonya na likakumalizia tanki zima. Tenga pia koki chini kabisa kwa siku ya kuosha. Kwa koki hii usibane hela, kwa sababu ile nyepesi ikikwama wazi, umepoteza samaki wote.

Kama hutaki bomba lionekane nje, kuna njia ya bomba ndani ya bomba. Bomba la inchi mbili linasimama ndani ya tanki kutoka kwenye konekta ya chini, na juu yake unalivisha bomba la inchi nne lililokatwa meno kwa chini na kupita kimo cha maji kwa juu. Maji yanalazimika kuingilia kwenye meno, yapande katikati ya mabomba mawili, ndipo yaangukie kwenye lile la ndani. Uchafu unatoka wenyewe. Kipande cha inchi nne cha mita moja kinapatikana kwenye mabaki ya fundi wa vyoo (ambacho hakijatumika, tafadhali).

Wenye matofali na saruji wana hesabu tofauti. Tanki la kujenga linadumu kuliko yote na kwa lita nyingi ndilo nafuu, lakini halihami ukihama, jambo zito kwa mpangaji. Ovaflo yake iwekwe wakati wa kujenga. Kubomoa baadaye kunakutoza mara tatu: anayebomoa, saruji ya kuzuia maji, na fundi wa kupiga plasta upya. Kisha bado linavuja, kwa sababu saruji haiishiki PVC iliyo laini. Dawa yake karibu haina gharama: sehemu ya bomba itakayopita ukutani ikwaruze kwa msasa, ipake gundi ya PVC, na kabla haijakauka inyunyizie mchanga mkavu. Ikikauka inakuwa na ngozi ya kukwaruza, na saruji inaishika. Fundi asiyetaka kufanya hivyo anakimbilia kazi nyingine. Halafu usiweke samaki siku plasta ikikauka. Saruji mpya inayafanya maji kuwa makali; jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara chache. Hayo maji nayo ni gharama kama unayanunua.

Bwawa la turubai lililosimamishwa kwa mbao au matofali linavutia kwa bei yake ya kuanzia. Ila turubai na tundu haviendani. Kiungo cha kupitisha bomba kwenye turubai, chenye sahani mbili za kubana, hakipatikani kila duka, na kikikaa vibaya mpasuko unaanzia hapo. Ushauri wangu: usilitoboe. Ovaflo ipite juu ya ukingo, mahali uliposhusha ukingo kidogo, na uchafu wa chini uvute kwa mpira mara kwa mara. Ukubali kazi hiyo ya mkono, au ununue tanki la plastiki. Unaponunua turubai, kumbuka kuongeza kina mara mbili kwenye urefu na kwenye upana, pamoja na la kukunja ukingoni. Wengi hupima sakafu tu.

Najua kuna wasomaji ambao hawataki samaki wa kitoweo. Wanataka kioo kikubwa sebuleni, au kwenye mapokezi ya nyumba ya wageni, na chini yake tanki la pili la kuchujia maji lenye pampu. Kwa hawa habari ni kali zaidi.

Kioo kinatoboleka, kwa biti ya almasi, drili ikienda polepole na maji yakimiminwa muda wote, huku kipande cha ubao kikishikilia upande wa pili. Lakini kioo kilichokomazwa kwa moto, jamii ya kile cha dirisha la pembeni la gari, hakitoboleki kabisa: kinasambaratika chote mara moja. Matanki ya dukani mengi yana kioo cha namna hiyo sakafuni. Tafuta mhuri mdogo kwenye kona, na kama muuzaji hana uhakika, chukulia kuwa kimekomazwa. Tundu lisikaribie ukingo kuliko upana wa tundu lenyewe.

Swali la kumuuliza fundi vioo kabla hajawasha drili ni moja: "Kikipasuka, hasara ya nani?" Akisema ya mwenye mali, mwambie atoboe kioo kabla ya kukiunga na vingine, sio baada. Hapo utapoteza kipande kimoja badala ya tanki zima. Mafundi wa vioo na aluminiamu walioko mjini wamezoea kukata madirisha. Biti ya almasi ya inchi mbili huenda ikabidi iagizwe Dar, maeneo ya Gerezani pale Kariakoo, na ikija itatumika kwenye kazi yako na ya wengine kumi. Usiilipie yote peke yako. Na silikoni iwe ya kioo tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu kama ile ya bafuni, maana dawa hiyo inawadhuru samaki.

Wanaoogopa kutoboa kioo huuziwa kisanduku cha kuning'iniza ukingoni, kinachovusha maji kwa kunyonya. Hakihitaji tundu na kwa bei kinaonekana nafuu. Kwa Ifakara sikipendekezi. Umeme ukikatika pampu inasimama. Ukirudi, kama hewa imeingia kwenye kile kisanduku hakinyonyi tena, wakati pampu inaendelea kuleta maji juu. Sakafu inalipia. Tundu lililotobolewa halina cha kupoteza: maji yakifika kwenye mdomo wake yanashuka, umeme uwepo usiwepo.

Hata hivyo tundu nalo lina deni lake. Pampu ikisimama, maji yote yaliyo juu ya mdomo wa ovaflo yanashuka kwenye tanki la chini, na bomba la kurudishia nalo linaweza kunyonya kinyumenyume. Tanki la chini liachiwe nafasi ya kupokea, na bomba la kurudishia litobolewe kitundu kidogo chini tu ya uso wa maji ili livute hewa na kukata mnyonyo. Jaribio ni la bure: chomoa pampu ukiwa umesimama hapo na ndoo, utazame maji yanaishia wapi.

Chujio la mdomoni. Ovaflo bila chujio inatoa samaki, na yenye chujio dogo inaziba. Kitambaa cha chandarua kilichofungwa mdomoni kwa mpira ni njia ya haraka ya kulifanya bomba la inchi mbili kuwa la nusu inchi. Tumia kofia ndefu ya bomba lenye matundu mengi. Mdomo wa inchi mbili una eneo la sentimita za mraba 20 hivi. Tundu la milimita sita halifiki theluthi ya sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo unahitaji matundu kama 70 ili kulingana tu na bomba, na mara mbili ya hapo ili majani yasikuzibie. Au kata mistari kwa msumeno wa chuma, ni haraka zaidi. Usiyachome kwa msumari wa moto: moshi wa PVC unaunguza mapafu.

Chujio hili lina sababu nyingine hapa kwetu. Bonde la Mto Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na lina perege wake wa asili. Sato si mwenyeji wa maji haya, na akitoka tankini akaingia mtaroni, mtaro unajua njia ya kwenda mtoni. Ukipata vifaranga vya perege wa hapa, fuga hao.

Kuhusu maji yanakokwenda, usimalizie bomba ukutani. Dimbwi chini ya ovaflo ni kitalu cha mbu, ndani ya mji ambao taasisi yake ya afya, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi, imejulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Samaki wako watakula viluwiluwi wa mbu waliomo tankini, hawawezi kuwafikia wa kwenye dimbwi. Peleka maji kwenye migomba au mchicha, yana mbolea tayari. Mwisho wa bomba uvishe wavu wa mbu ulio mpana na uliolegea kama mfuko ili usizibe, uuoshe kila wiki. Na kama uko upande unaofikiwa na Mto Lumemo ukifurika, mwisho huo uwe juu ya kimo ambacho maji yalifika uani kwako. Ukizama, ovaflo inageuka kuwa mlango wa kuingilia.

Malipo ya fundi yawe ya kazi nzima, si ya siku, na mkubaliane mapema nani analeta drili na nani anatoa umeme. Lipa nusu. Konekta ikazwe kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, isizidi hapo, maana plastiki inapasuka kimyakimya. Gundi iachwe ikauke hadi kesho yake. Jaza maji hadi kimo, weka alama kwa kalamu ubavuni, endelea kumimina mpaka ovaflo ifanye kazi mbele ya macho yenu wote wawili, halafu uache tanki lilale hivyo. Asubuhi pitisha karatasi kavu ya chooni kuizunguka konekta, kwa ndani ya nati hadi chini. Karatasi ikitoka kavu na maji yako kwenye alama, mpe fundi nusu yake iliyobaki.